Kibuyu cha bibi na pakiti ya dukani: mbegu ipi utunze, ipi ununue?



Kila mvua zikikaribia naulizwa swali hili: "Bwana shamba, mbegu za mboga zinanimalizia hela. Kwa nini nisitunze za kwangu?" Jibu langu ni kwamba nyingine unaweza na nyingine huwezi. Ukijua kila mboga ilifikaje kwenye bustani yako, utajua upesi ipi ni ipi.

Mboga za kibuyu

Zamani hapa kwetu Tarime na Serengeti mbegu za mboga hazikuwa na duka. Mama alizikausha, akazihifadhi kwenye kibuyu au kitambaa, akampa binti yake au jirani. Mgagani na mnavu ni za ukoo huo. Jirani zetu Wajaluo wanaziita dek na osuga.

Mchicha nao tunauona wa kwetu tangu asili, lakini baadhi ya aina tunazolima asili yake ni Amerika ya Kati. Huo ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Alifanikiwa kwa sababu anatoa maua na mbegu hapahapa, tena kwa wingi, kwa hiyo aliingia kwenye kibuyu bila shida.

Mboga za pakiti

Sukuma wiki na kabichi asili yake ni Ulaya na pwani za Mediterania. Zilienea kwetu wakati wa ukoloni, na sukuma ikapata nguvu zaidi kwa kuwa tuko jirani na Kenya. Kwa kawaida mimea hii haitoi maua mpaka ipitie wiki kadhaa za baridi kali, na baridi hiyo sisi hatuna. Ndiyo maana unachuma sukuma miezi na miezi bila kuona ua. Ni faida kwa jiko lako, ila mbegu hupati. Kwa hiyo tangu mwanzo mbegu yake ilikuwa ya kununua. Usipoteze msimu ukiisubiri. Nunua mbegu, au bandua machipukizi ya pembeni ya shina zima lisilo na ugonjwa uyapande kama miche.

Saladi ni ya zamani sana. Wamisri wa kale waliilima na kuichora kwenye makaburi yao. Giligilani nayo, ambayo majani yake tunayaita kotimiri kwa neno lililotoka India, mbegu zake zilikutwa kwenye kaburi la Farao Tutankhamun. Hizi mbili hazihitaji baridi ili zitoe maua. Joto ndilo linaloziharakisha, kwa hiyo mbegu zake unaweza kutunza.

Tulipopoteza kibuyu

Enzi za ukoloni na hata baada ya Uhuru, nguvu kubwa ya kilimo ilielekezwa kwenye mazao ya biashara kama kahawa na pamba. Mgagani na mnavu vikaitwa magugu au chakula cha maskini. Vijana wakaona aibu, na vibuyu vikabaki vitupu.

Mambo yalianza kugeuka miaka ya 1990. Mwaka 1992 Kituo cha Mboga Duniani kilifungua kituo chake cha Afrika huko Arusha, na watafiti wakaanza kukusanya mbegu hizihizi za bibi zetu. Katika kazi hiyo zilipatikana aina bora kama mchicha wa Madiira na mnavu wa Nduruma na Olevolosi. Nchini Kenya nako mboga za asili zilirudi mezani, na leo zinauzwa hadi kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Wewe unayeuza Sirari, shika majina yao: mnavu wanauita managu, mgagani ni sagaa, na mchicha ni terere.

Ufanye nini sasa

*Mchicha:* acha mashina machache bora yasichumwe. Ukitikisa suke na mbegu zikadondoka, kata na ukaushe. Wakati wa kusia changanya na mchanga mkavu, maana mbegu zake ni ndogo mno.

*Mnavu:* chukua matunda yaliyoiva kabisa, yaponde, osha mbegu mpaka utelezi uishe, kisha anika kivulini. Zisipooshwa vizuri, nyingi hazioti.

*Mgagani:* vuna vitumba vikianza kuwa vya njano, kabla havijapasuka. Usisie mara moja. Mbegu mpya hulala, hivyo ziache miezi mitatu hadi sita.

*Giligilani:* kila kipunje kina mbegu mbili. Kiponde kidogo kigawanyike. Sia kidogokidogo kila baada ya wiki mbili, maana kwenye joto hukimbilia maua.

*Saladi:* sia jioni, funika kwa udongo mwembamba sana, weka kivuli. Udongo ukiwa wa moto haioti, hata mbegu ikiwa nzima. Ukiwa karibu na Mugumu au Ikoma, ulizia kwanza kama hoteli na kambi za watalii zitanunua, kwa sababu majani yake hayasubiri.

Mbegu zote zihifadhi zikiwa kavu kabisa, kwenye chombo kinachofungwa, mahali pa baridi na giza. Andika jina na tarehe.

Kwa ninyi wenye maduka: kutunza mbegu kwa bustani yako ni jambo moja, kuifunga na kuiuza ni jingine. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanzisha TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Usipokee pakiti isiyo na lebo yake. Kikundi kikitaka kuzalisha mbegu za kuuza, kiulizie utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora kabla ya kupanda.

Msimu huu anza na mashina matano ya mchicha. Yafunge kitambaa chekundu ili watoto wasiyachume.