Kiti cha Pugin: Kutoka Bungeni Hadi Westminster Abbey

Asili ya kiti hiki cha enzi ni moto. Jioni ya tarehe 16 Oktoba 1834, Bunge la Uingereza jijini London liliteketea, baada ya siku nzima ya kuchoma kwenye matanuri yake vijiti vya kale vilivyotiwa alama za hesabu za serikali. Charles Barry akashinda shindano la kuchora jengo jipya. Samani na mapambo yakamwangukia Augustus Pugin, aliyezaliwa 1812.

Pugin alikuwa na deni la kujilipa mwenyewe. Akiwa na miaka 15 tu, mwaka 1827, aliichorea kasri ya Windsor samani za Kigothiki zenye matao na vilele tele, kana kwamba kanisa zima limekalishwa sebuleni. Mwaka 1841 akaikosoa kazi hiyo kitabuni, kwa jina lake: katika vyumba vya namna ile, aliandika, mtu akitoka bila kuchomwa na ncha ashukuru. Tangu hapo alitaka nakshi ipambe kile kinachokishikilia kiti, isibandikwe juu yake. Ni wasanii wachache walioikana kazi yao ya ujana kwa uwazi kiasi hicho, nami namheshimu kwa hilo kuliko kwa dhahabu yote aliyoipaka baadaye.

Na dhahabu ipo. Kiti cha enzi alichokichorea Bunge la Malodi, kilichotoka karakana ya John Webb mwaka 1847, kinang'aa kote. Lakini tazama mgongo wake wa pembe tatu, kisha vuka barabara uingie Westminster Abbey. Humo mna kiti cha mwaloni alichoagiza Mfalme Edward I baada ya kuwanyang'anya Waskoti jiwe lao la kutawazia mwaka 1296. Umbo ni lilelile. Jiwe lilirudishwa Uskoti 1996. Kiti kimebaki na majina yaliyochongwa kwa visu na wanafunzi na wageni wa karne ya 18 na 19.

Mimi navipenda zaidi viti vya Pugin visivyo na makuu, vya miguu iliyopishana kama herufi X, ambavyo kiungo chenyewe ndicho pambo.

Barry alipewa heshima ya Sir mwaka 1852. Pugin alifariki Septemba ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 40. Mwaka 1867 mwanawe Edward alichapisha kijitabu akidai kuwa kazi ya jengo la Bunge ilikuwa ya baba yake, si ya Barry.