Chipu: kutoka California hadi Nyeri

Msikilizaji, simu unayosomea habari hii, na redio unayotusikilizia Kaole, Mlingotini au Saadani, zinategemea semikondakta: vitu kama silikoni, ambavyo mtaalamu anaweza kuvifanya vipitishe umeme au viuzuie.

Redio za zamani zilitumia valvu za kioo, mfano wa balbu, na zilikula umeme mwingi. Desemba 1947, maabara za Bell nchini Marekani zikaunda transista. Hiyo ndiyo iliyoiwezesha redio kutumia betri ndogo, ikaenda shambani na hata kwenye ngalawa.

Mmoja wa wavumbuzi wake, William Shockley, alifungua kampuni California. Alikuwa bosi mgumu. Mwaka 1957 wataalamu wake 8 wakaondoka pamoja, wakapata mwenye mtaji, wakaanzisha Fairchild. Mwaka 1968 wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakaondoka tena kuanzisha Intel. Kuacha mshahara na kujitegemea kwa fedha za mwekezaji kukawa desturi ya eneo lile.

Kwetu Afrika Mashariki, tazama Nyeri, Kenya. Anthony Githinji alianzisha Semiconductor Technologies Limited, iliyopo Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Tunavyoona, kikwazo si akili. Chipu zinataka vyumba visivyo na vumbi, maji yaliyosafishwa mno na umeme usiokatika. Sisi tunaoujua mgao tunaelewa uzito wa hilo. Mwenye mtaji naye awe na subira ya miaka. Mwaka 2024 Marekani ilitangaza kugharamia upembuzi yakinifu wa kukipanua kiwanda hicho.