Besi

Fundi mitambo akiambiwa "ongeza besi", hahitaji maelezo zaidi. Neno hili lililotoka katika Kiingereza sasa lina kazi zaidi ya moja: ni sauti nzito ya chini, ni gitaa linaloitoa, na ni sauti ya mwanamume mwenye koo zito.

Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haifiki huko. Ubongo hukisia tu noti hiyo kutokana na mitetemo ya kasi zaidi inayoambatana nayo. Ndiyo maana wimbo uleule husisimua ukumbini, ukapooza kwenye simu.

Kiwango cha sauti nacho huathiri besi. Mwaka 1933, watafiti Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba muziki ukipunguzwa sauti, besi ndiyo hufifia zaidi masikioni.

Huko Zanzibar, kikundi cha Culture Musical Club hupiga taarabu kwa besi kubwa ya mbao. Studio inayorekodi muziki huo ina wajibu mzito: besi ikizidi, udi na ganuni humezwa; ikipungua, wimbo hukosa mhimili. Msikilizaji naye, kabla ya kugusa kitufe cha besi, ausikilize kwanza wimbo jinsi ulivyorekodiwa, kwa spika nzuri.