Engels, Mji wa Ng'ambo ya Volga

Shuleni tulifundishwa kwamba Gagarin alitua karibu na mto Volga mwaka 1961. Mji wa karibu ni Engels, ng'ambo ya Saratov, nami naona umesahauliwa mno. Wachukuzi wa chumvi ya ziwa Elton waliuanzisha mwaka 1747. Mwaka 1931, ukiwa makao makuu ya jamhuri ya Wajerumani wa Volga, ulipewa jina la Mjerumani, Friedrich Engels. Miaka 10 baadaye, tarehe 28 Agosti 1941, amri ya Moscow iliwatuhumu Wajerumani hao kuficha wapelelezi. Mamia ya maelfu wakapakiwa katika magarimoshi hadi Siberia na Kazakhstan. (Jina la mji halikutuhumiwa!) Baada ya vita kiwanda cha hapo kiliunda mabasi ya umeme kwa miji mingi ya Kisovieti. Tuhuma zilifutwa mwaka 1964, jamhuri haikurudishwa.