Kahawa ya Usiku na Haki ya Njia

Ndugu msomaji, swali la wapi mji uwaache watu wake wabarizi usiku si geni, wala halikuzaliwa na taa za umeme. Waliotutangulia waliulizana swali hilo kwa sababu ya kikombe cha kahawa.

Kahawa ilitoka Yemen, ambako masufi waliinywa wapate kukesha katika dhikri. Ikafika Makka, na watu wakakusanyika kwayo usiku. Mwaka 1511 Khair Beg, mhtasibu wa mji, aliwakuta baadhi yao wakiinywa karibu na Msikiti Mtukufu. Akawaita wanazuoni, na kahawa ikaharimishwa. Lakini amri ya Sultani ilipokuja kutoka Misri, ilikataza mikusanyiko ile, haikukiharimisha kinywaji chenyewe.

Yapata mwaka 1555, Hakam wa Halab na Shams wa Dameski walifungua nyumba za kahawa Istanbul, katika Tahtakale, mtaa wa masoko karibu na bandari. Wakaja wasomi na washairi. Huyu na kitabu, yule na sataranji. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa, Sultani Murad wa Nne alizifunga. Je, zilikoma? La, baadaye zilirudi.

Basi tuzingatie. Kufunga kila mahali hakukufaa, na kuacha kila mahali kuna madhara. Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa njiani, waliposema hawana budi na mabaraza yao, aliwaambia waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hakuwanyima mahali, aliwawekea sharti.

Kwa hivyo wakubwa wa mji na wachague sokoni na ufukweni, penye taa na njia pana, wala si chini ya dirisha la mgonjwa au la mtoto aliyelala. Tazama Forodhani, Unguja: jioni watu huja na watoto wao, wakala mishikaki mbele ya bahari. Ama ulevi na zinaa, hakuna mtaa unaozihalalisha.

Nawe, ndugu yangu, baraza likikolea, kumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo baada ya Isha. Mahali pazuri huchaguliwa na mji, lakini saa ya kuinuka huichagua mwenyewe, na Alfajiri haimngojei mtu.