Skuli Pemba Haikuingia kwa Amri

Katika mjadala wa kupeleka kompyuta mpakato kwenye skuli za Pemba, husemwa haraka kwamba wazazi wa kisiwani huchelewa kupokea mambo mapya. Historia inawatetea. Mwaka 1897, mwaka ule ule Sultani Hamoud alipoiondolea sheria nguvu ya kuutambua utumwa, wamisionari wa Kikweka wakiongozwa na Theodore Burtt walianza kazi Pemba, na kituo chao kikawa Banani, karibu na Chake Chake. Huko walioachwa huru walipata makazi, kazi na masomo. Kwa mwenye shamba la karafuu, basi, elimu ya aina hii ilikuja ikiwa na Wakristo na ikiwa imefungamana na vurugu la kuondokewa na watumwa wake. Idara ya Elimu ilipoundwa mwaka 1907 ikaongeza jingine: Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, ilhali watu waliokuwa wakijua kuandika walitumia za Kiarabu walizozisoma chuoni, yaani kwenye chuo cha Kurani. Tena skuli ilizitaka saa zile zile za chuo. Mzazi aliyemzuia mwanawe hakuwa mjinga. Aliona anaombwa kutoa kitu bila kuambiwa atapewa nini badala yake, na kwa miaka mingi skuli nyingi za mashamba zikakosa watoto.

Mambo yalianza kugeuka Kurani ilipopewa nafasi ndani ya ratiba, hasa kufikia miaka ya 1940, na mwalimu wa chuo akawa mtu wa skuli badala ya mshindani wake. Hayakuwa mahubiri juu ya faida za elimu yaliyowavuta wazee, bali makubaliano. Mpango wa Madrasa ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980, kwa kazi ya Bi Swafiya Said na msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulifuata njia hiyo hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1990 ukafika Zanzibar: jamii ndiyo iliyoomba skuli ya awali, ikatoa mahali, ikaunda kamati na kuteua mabinti wake wakasomeshwe ualimu.

Kompyuta nazo zianze hivyo hivyo, kwa vikao na wazee kabla hazijafika. Kuna anayeuliza: mzee asiyewahi kugusa kompyuta atashauri nini? Hatashauri juu ya programu, kweli. Lakini anajua msimu wa karafuu unapoingia watoto wangapi watakuwa mashambani, nani atalala skuli kulinda chumba, na nyumba gani haitaweza kulipa mashine ikivunjika. Umeme wa uhakika ulifika Pemba mwaka 2010 kwa waya wa baharini kutoka Tanga. Kilichobaki ni maswali ya namna hiyo, na majibu yake yako kwa sheha, kwa kamati ya skuli na kwa mwalimu wa darasa, ambaye mara nyingi huitwa mwisho wakati kazi yote ni yake.

Pingamizi lenye uzito ni la watoto wa kike: tukiwasubiri wazee, si watawafungia mlango? Hatari hiyo ipo. Hata hivyo, skuli ya serikali ya wasichana iliyofunguliwa Unguja mwaka 1927 ilikubalika kwa kuwa hofu za wazazi zilijibiwa, kwa walimu wanawake na kwa somo la dini. Leo pia swali la picha chafu kwenye intaneti lijibiwe mbele ya akina mama kabla mashine hazijafunguliwa, maana likiachwa, wa kwanza kuzuiwa atakuwa msichana.

Ama kwamba vikao hupoteza muda, tuitazame Kenya. Kompyuta za darasa la kwanza ziliahidiwa kwenye kampeni za mwaka 2013, zikaanza kufika madarasani mwaka 2016, baada ya mivutano ya zabuni na huku skuli nyingi zikiwa bado zinaungwa umeme. Miaka mitatu ilipita, na hakuna kikao cha kijiji cha kulaumiwa kwa hilo.