Kutoka Mlio wa Pong hadi Baba Yetu

Tarehe 13 Februari 2011, kule Los Angeles, wimbo wa Kiswahili ulipata tuzo ya Grammy. Tena ulikuwa wimbo wa kwanza kabisa uliotungwa kwa ajili ya gemu ya kompyuta kupata tuzo hiyo. Unaitwa Baba Yetu, na maneno yake ni Sala ya Bwana, ile ile inayosaliwa kila Jumapili kuanzia Mbeya mpaka Lamu. Nimewauliza wenzangu wanane pale chumba cha habari, wanne kati yao ni watu wa michezo na burudani. Aliyeujua ni mmoja tu, naye aliusikia harusini akadhani ni wa kwaya fulani ya Kenya.

Basi leo naomba niache siasa kidogo. Kwa wiki tatu nimekuwa nikirudia gemu za zamani usiku baada ya kazi, hedifoni masikioni, na safari hii nilikuwa nacheza kwa kusikiliza zaidi kuliko kwa kushinda. Wanaonicheka kwamba mtu mwenye shahada yake bado anacheza gemu waendelee kucheka. Kuna historia humo ndani, na sehemu ya historia hiyo inatuhusu sisi tunaosema Kiswahili.

Tuanze na Pong ya mwaka 1972, ile ya vijiti viwili na kitone kimoja. Aliyeiunda, Al Alcorn, aliambiwa na bosi wake Nolan Bushnell aweke makelele ya watazamaji wanaoshangilia. Vifaa vya kufanyia hivyo hakuwa navyo. Akapekua ndani ya saketi yenyewe, akakuta milio ambayo tayari ilikuwamo katika sehemu inayoongoza picha, akaiunganisha, kazi ikaisha. Huo mlio wa "pok" haukutungwa na mwanamuziki yeyote. Uliokotwa.

Miaka sita baadaye, 1978, ikaja Space Invaders kutoka Japani, kazi ya Tomohiro Nishikado. Muziki wake ni noti nne tu zinazoshuka, zinarudiwa bila kukoma. Lakini hebu icheze usiku peke yako. Kila unapoua wavamizi, wanaobaki wanatembea haraka zaidi, kwa sababu mashine ina vitu vichache vya kuchora, na zile noti nne zinakimbia pamoja nao. Ukibakiwa na wawili watatu hivi, moyo wako nao unadunda kwa kasi ile ile. Nimeshasikiliza filamu za kutisha zenye okestra nzima ambazo hazikunifanya hivyo.

Halafu ndiyo Koji Kondo na Super Mario Bros., 1985. Hapa nitakaa kidogo. Wengi wetu tuliijua kwa zile TV gemu za Kichina za kaseti, ambazo kaseti imeandikwa ina gemu mia, ukihesabu vizuri unakuta ni nane zinajirudia. Ndani yake kulikuwa na nakala ya chipu ya Nintendo, na chipu hiyo ilikuwa na chaneli tano za sauti: mbili za milio mikali, moja ya mlio laini ambao kwa kawaida ndio ulibeba besi, moja ya kelele iliyotumika kama ngoma, na moja ya vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Gemu nzima ya Mario, yaani picha, muziki, ramani na sheria zake zote, ilikaa katika kilobaiti 40. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwenye simu inazidi hapo.

Kondo alifanya nini na ufinyu huo? Kwenye nchi kavu akaweka mdundo unaorukaruka kama Mario mwenyewe. Chini ya maji akaweka mwendo wa hesabu ya tatu, wa kuelea. Muda ukikaribia kuisha, wimbo ule ule unakimbizwa, na hapo ndipo kila mtoto huanza kubonyeza vitufe ovyo. Nilichokigundua safari hii ni kitu kidogo tu: Mario akiruka, mlio wa kuruka unanyang'anya chaneli moja ya muziki. Sauti moja ya wimbo inanyamaza kwa nukta, kisha inarudi. Tumecheza miaka yote ile hatukusikia pengo, kwa kuwa wimbo umetungwa kiasi kwamba kuruka kwako kunakuwa sehemu yake. Mtu aliyebanwa namna hiyo na bado watu wanaimba wimbo wake miaka 40 baadaye, mimi namvulia kofia.

Wajapani wenyewe walitambua mapema kwamba muziki huu ni muziki. Koichi Sugiyama, mtunzi wa Dragon Quest ya mwaka 1986, nyimbo zake zilipigwa na okestra jukwaani Tokyo mwaka 1987. Mwaka mmoja tu baada ya gemu kutoka! Sisi huku hata leo ukimwambia mzee unasikiliza muziki wa gemu anakuuliza kama umekula.

Mwaka 1989 kampuni hiyo hiyo ya Nintendo ikatoa Game Boy, na pamoja nayo Tetris. Muziki wake maarufu ni Korobeiniki, wimbo wa Kirusi wa karne ya 19 unaotokana na shairi la Nikolay Nekrasov, kuhusu wachuuzi wanaotembeza bidhaa vijijini. Hirokazu Tanaka aliupanga upya kwa ajili ya kile kispika kidogo. Sasa fikiria Mrusi aliyefundishwa wimbo huo na bibi yake. Dunia nzima ikiusikia inasema "Tetris". Wachuuzi wamepotea, msichana wa kwenye wimbo amepotea, yamebaki matofali yanayoanguka. Naomba ushike mfano huu, nitauhitaji mbele.

Zilipokuja CD, mambo yakabadilika. PlayStation iliingia sokoni Japani mwaka 1994, na nafasi haikuwa tena tatizo lile. Watengenezaji wakaanza kuweka nyimbo zilizorekodiwa studio. FIFA iliyotoka mwaka 1997 ilifunguliwa na wimbo wa kundi la Blur, na GTA: San Andreas ya mwaka 2004 ilikuja na vituo vyake vya redio. Hizi mnazijua, vibanda vya mtaani vilituimbia mpaka tukachoka, na sina mengi ya kusema juu yake. Kununua wimbo wa mtu ambao tayari ni maarufu ni biashara nzuri, lakini si utunzi.

Mimi kilichonivutia zaidi ni sauti za binadamu. Mwaka 1997 Nobuo Uematsu aliweka kwaya katika pambano la mwisho la Final Fantasy VII, ikiimba Kilatini, maneno mengine yakiwa yametolewa katika mashairi ya Carmina Burana. Mwaka 2001 Halo ilifunguliwa na wanaume wanaoimba kama watawa, bila maneno kabisa. Mnaona mwelekeo? Kwaya inaingia ili mchezaji ahisi jambo zito linakuja. Kuelewa hakutakiwi. Kilatini kilifaa kwa sababu hakuna anayekizungumza nyumbani.

Kisha, Oktoba 2005, ikatoka Civilization IV. Kwa asiyeijua, hii ni gemu ya kujenga taifa kuanzia zama za mawe mpaka vyombo vya anga: unajenga miji, unafanya biashara, unapigana. Mbunifu wake mkuu, Soren Johnson, alikuwa amekaa chumba kimoja chuoni Stanford na mtunzi anayeitwa Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina. Wakakutana tena kwenye mkutano wa wahitimu, Johnson akamwomba wimbo wa kufungulia gemu. Tin akachukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akaiimbisha na Talisman, kundi la wanafunzi wa Stanford. Ukifungua gemu, dunia inazunguka kwenye skrini, jua linachomoza kwa mbali, na sauti zinapanda.

Nasema kweli, mara ya kwanza nilisimamisha mkono kwenye mausi. Ilitoka Marekani, imeandikwa Kiingereza chote, halafu inakusalimia kwa lugha ya mama yako. Na wimbo wenyewe ni mzuri. Wakati mwingine nafungua gemu, naacha wimbo unaisha, nafunga, nakwenda kulala.

Lakini ukibonyeza kuanza mchezo, Kiswahili kinaishia pale. Ukifika zama za kati unasikia nyimbo za makanisa ya Ulaya, baadaye Bach, baadaye Beethoven na Dvořák, na zama za sasa ni za Mmarekani John Adams. Katika mataifa unayoweza kuongoza kuna Mali ya Mansa Musa, kuna Misri, na nyongeza zilizofuata zilileta Wazulu na Ethiopia. Waswahili hawamo. Lugha yetu inakupokea mlangoni, ukiingia sebuleni huikuti.

Mama mdogo wangu anaimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wao. Alikuja kunitembelea, nikamwekea wimbo bila kumwambia umetoka wapi. Alifumba macho, mstari wa tatu akaanza kuimba nao, akiweka sauti yake ya pili juu ya wale wanafunzi wa Stanford kana kwamba wamefanya mazoezi pamoja. Wimbo ulipokwisha akauliza ni kwaya gani. Nikamwonyesha gemu. Muda huo jeshi langu lilikuwa na tembo wa vita wanaosogea kwenye ukuta wa mji wa jirani. Akatazama, akatazama tena.

"Kwa hiyo mwanangu, mnasali halafu mnakwenda kuua?"

Nilijaribu kumweleza kwamba gemu hiyo ndiyo ya kwanza katika mfululizo wake kuingiza dini, tena saba, Ukristo na Uislamu zikiwamo, na kwamba unaweza kushinda bila vita. Hakuonekana kuridhika, na hata mimi nilijisikia naongea kama msemaji wa wizara. Kwa mchezaji wa Ohio sauti zile ni mapambazuko ya binadamu, ni Afrika, ni jambo kubwa lisilo na jina. Kwa mama mdogo ni sala anayoijua tangu hajaanza shule, na mtu anayeijua sala hawezi kuisikia kama mapambo. Ndiyo Korobeiniki ile ile, safari hii sisi ndio Warusi.

Hata hiyo Grammy ilipitia mlango wa nyuma. Gemu ilitoka 2005, tuzo ikaja 2011. Katikati, mwaka 2009, Tin alitoa albamu yake Calling All Dawns, nyimbo 12 kwa lugha 12, Baba Yetu ikiwa ya kwanza, ikaimbwa upya na Soweto Gospel Choir pamoja na okestra ya Royal Philharmonic. Toleo hilo ndilo lililoshinda, katika kipengele cha upangaji wa ala zinazosindikiza waimbaji. Kwa maana nyingine, Wazungu wa London na ndugu zetu wa Soweto waliimba na kupiga Kiswahili kwa ajili ya Mmarekani. Kipengele maalumu cha muziki wa gemu Grammy hawakuwa nacho mpaka mwaka 2023, alipokichukua Stephanie Economou kwa Assassin's Creed Valhalla: Dawn of Ragnarök.

Mwaka huo huo wa 2009 ilitoka Halo 3: ODST, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi zaidi. Hadithi yake iko New Mombasa, Kenya, mwaka 2552. Wewe ni askari unayetembea peke yako usiku katika jiji lililohamwa. Kuna Kizingo Boulevard. Kuna Kikowani Station. Mtu wa Mombasa akiona majina hayo lazima acheke, Kizingo ya upande wa Mama Ngina na mnara wa taa, Kikowani inayojulikana kwa makaburi, leo zina majumba marefu na viumbe wa sayari nyingine. Na muziki? Martin O'Donnell na Michael Salvatori waliweka jazi: saksafoni, piano, upweke, kama filamu za kale za wapelelezi wa Marekani. Ni muziki mzuri mno. Nilisimama kwenye kona za mitaa ile bila kufanya chochote, nasikiliza tu. Ila sikusikia udi, wala ganuni, wala fidla. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, miaka 81 kabla ya gemu hiyo. Mombasa yenyewe ni mji wa Juma Bhalo. Mtu angeuliza, angepewa. Upweke wa usiku kwenye taarabu ya mvita si haba, waulizeni waliowahi kukesha nayo.

Kwa hiyo tuna gemu moja yenye lugha yetu bila mji wetu, na nyingine yenye mji wetu bila sauti yetu.

Tin aliitwa tena kwa Civilization VI ya mwaka 2016, akatunga kwa Kitaliano, na ya VII mwaka 2025 akatunga kwa Kigiriki cha kale. Katika ile ya VI Zanzibar ipo, lakini kama mji mdogo wa kujitegemea. Huwezi kuiongoza. Unaipelekea wajumbe, ukiwazidi wenzako inakupa karafuu na mdalasini. Jana usiku nilikuwa nacheza upande wa Wajerumani, nikapeleka wajumbe watatu na karafuu zikaingia. Waliosoma historia ya mwaka 1890, Wajerumani na Waingereza walipogawana pwani, wataelewa kwa nini nilicheka peke yangu.

Kama kuna anayejua gemu nyingine ambamo Kiswahili kinaimbwa, na si neno moja moja la kupamba, aniambie. Nimebakiwa na siku nne za likizo.